Shajara ya vigae vya Lugalo: uwanja wa mezani kwa hadibodi, mchanga wa mto na madodoki

10 Mei 2025: Kwa nini vigae, na kwa nini vya mraba

Tunatengeneza uwanja wa mchezo wa vita wa mezani, na vita tuliyoichagua ni ya hapa hapa Iringa: Lugalo, 17 Agosti 1891, siku wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walipouvizia msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya jeshi lake. Kanuni tumeziandika wenyewe, watu watatu wa Kihesa. Vijiaskari ni vya karatasi ngumu, urefu milimita 28, kila kimoja kimesimama kwenye kitako cha sentimita 2. Mpaka sasa tumekuwa tukitandika kitenge mezani na kuweka vitabu chini yake viwe vilima.

Shida ya kitenge ni kwamba Mjerumani anashinda kila siku. Bunduki zake zinaona kila kitu toka mwanzo wa meza hadi mwisho, na watu wa Mkwawa wanamjia peupe na mikuki yao. Lugalo ilikwenda ilivyokwenda kwa sababu ya mahali penyewe: msafara umejivuta mstari mrefu kwenye njia nyembamba, na wenye mikuki wako hatua chache tu pembeni, nyuma ya mawe na vichaka. Ardhi isipokuwepo mezani, hakuna namna ya kuandika kanuni ikaleta matokeo yale bila kudanganya.

Kwa hiyo meza yetu ni ndefu na nyembamba, ya vigae, yaani vipande vya uwanja vinavyopangwa ubavu kwa ubavu: 8 kwa urefu, 3 kwa upana, kila kigae sentimita 30 kwa 30. Jumla 24, yaani sentimita 240 kwa 90. Safu ya katikati inabeba njia, zile mbili za pembeni zinabeba mawe, vichaka na miinuko. Upana wa 90 tuliupenda kwa sababu ya mkono pia. Uwanja ukizidi sentimita 120, mtu hafiki katikati bila kulalia mandhari.

Mmoja wetu alitaka pembesita. Kwa macho ni nzuri, na njia inapinda vizuri zaidi. Lakini pembesita yenye ubavu wa sentimita 15 ina karibu sentimita 26 kutoka ubavu hadi ubavu wa pili, namba isiyokaa kwenye rula, na kila kipande kina kingo sita za kulinganisha badala ya nne. Mraba umeshinda.

Ubao ni hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, wa milimita 3. Karatasi moja nzima ina sentimita 244 kwa 122, kwa hiyo inatoa vipande 32 vya sentimita 30, na zile sentimita 4 na 2 zinazobaki ndizo chakula cha msumeno. Hadibodi shilingi 22,000, kukata 8,000 kwa seremala wa Mlandege. Aliuliza kama ni vibao vya mizinga ya nyuki. Tulimweleza. Akasema, "Haya kaka, kila mtu na nyuki wake."

17 Mei: Milimita mbili mara nane

Vipande vyote 32 vilionekana sawa mpaka tulipovipanga sakafuni. Safu ya kwanza iliisha sentimita moja na nusu mbele ya safu ya pili. Hakuna kipande kilichokosewa sana, kila kimoja kimezidi au kimepungua milimita moja au mbili. Lakini vinane vikifuatana makosa yanajumlishana, na katikati ya meza njia inakatika kama reli iliyong'olewa.

Usipime kila kipande kwa rula. Chagua kimoja kilicho karibu zaidi na mraba kamili, kipime pande zote pamoja na pembe kwa pembe (kwa sentimita 30, mshazari wake ni 42.4), kisawazishe, kisha kiandike MAMA kwa kalamu nzito. Vingine vyote vinalinganishwa na mama, haviulizi rula. Tulibana vipande vitano vitano pamoja na mama juu yake, tukapitisha randa kwenye kingo zote kwa mara moja, tukamalizia na msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao. Kazi ya jioni mbili. Msasa shilingi 2,000.

Vilivyopungua kuliko mama havirudi. Hivyo tuliviweka kando kuwa vibao vya majaribio, na vimetusaidia kuliko tulivyotegemea, kama itakavyoonekana chini.

Tulikata pia kigezo cha bati kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, urefu sentimita 30, chenye alama mbili: sentimita 12 na sentimita 18. Njia lazima ikatishe kila ukingo kati ya alama hizo. Ndani ya kigae ipinde itakavyo, lakini ukingoni irudi pale. Kwa kuwa 12 kutoka kushoto ni sawa na 12 kutoka kulia, kigae unaweza kukigeuza na bado kikaungana na jirani yake. Kwa kipimo chetu, ambapo mtu mzima ni milimita 28, uwanja ni kama moja kwa sitini, kwa hiyo njia ya sentimita 6 ni sawa na mita 3.6. Njia ya watu wa miguu ya wakati ule haikuwa pana hivyo. Ingekuwa sentimita 2 ingekuwa kweli zaidi, ila vijiaskari wawili wasingepishana. Tumechagua kupishana.

31 Mei: Hadibodi inajikunja

Hiki ndicho kipengele ambacho anayeiga asikiruke.

Tulipaka gundi nyeupe ya mbao upande mmoja wa kibao cha majaribio, tukanyunyiza mchanga, tukaacha kikauke usiku kucha. Asubuhi pembe zote nne zilikuwa zimeinuka, katikati pamebonyea. Tuliweka tofali juu. Likakaa siku nzima, kibao kikanyooka, tukaondoa tofali, na kufikia jioni kimerudi kulekule.

Sababu ni mbili na zinasaidiana. Kwanza, maji ya gundi yanaingia upande mmoja wa ubao na kuuvimbisha, upande wa pili uko mkavu. Pili, gundi inapokauka inasinyaa na kuvuta uso ulioshikamana nao. Tofali halitibu chochote hapo, linashikilia tu ubao ukiwa bado unataka kukunjika.

Tulijaribu njia tatu kwenye vibao tofauti. Kupaka gundi iliyoongezwa maji nyuma ya ubao, ili pande zote mbili zivute sawasawa, kulisaidia karibu kabisa, ila ilibaki mbinuko kidogo unaoonekana ukikiweka kigae juu ya kioo. Kubandika vijiti vya mbao nyuma kulisaidia zaidi, lakini uzito ukaongezeka na vigae vikawa havikai vizuri vikibebanishwa. Iliyoshinda ni kuziba ubao usinywe maji kabisa: mkono mmoja wa rangi ya mafuta pande zote mbili na kingo zote nne, kabla ya kitu kingine chochote. Kingo hasa. Hadibodi inanywa maji kwa ukingo kuliko kwa uso.

Rangi ya mafuta ina kasoro yake. Ikikauka ni laini na gundi nyeupe haiishiki vizuri, inabanduka kama ngozi. Kwa hiyo ikishakauka siku mbili, kwangua uso wa juu kwa msasa mkali hadi mng'ao wote uishe, futa vumbi, ndipo upake gundi. Nyuma usikwangue.

Lita moja ya rangi ya mafuta ilitosha vigae vyote, shilingi 9,000. Tulichukua rangi ya kahawia kwa makusudi. Mahali mchanga utakapobanduka siku za usoni, chini patakuwa na rangi ya udongo, si weupe wa kuumiza macho. Plaiwudi ya milimita 6 isingejikunja kama hadibodi, au isingejikunja kabisa, lakini bei yake ingepandisha mradi na vigae 24 vingekuwa mzigo wa mtu mzima kubeba. Kwa meza inayokaa nyumbani bila kuhama, mimi ningechukua plaiwudi.

14 Juni: Udongo wa kweli unapasuka

Wazo lilikuwa zuri mdomoni: tutumie udongo mwekundu wa Iringa wenyewe, kisha tusipake rangi. Tulichota nyuma ya nyumba, tukachekecha kwa chekeche la unga, tukamwaga juu ya gundi. Ulipokauka ukapasuka vipande vipande kama sahani iliyodondoka, na nyufa zikainua gundi pamoja nao.

Udongo mwekundu una mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi ukipoteza maji unasinyaa. Mchanga hausinyai. Dawa ni kuufua: tia udongo kwenye ndoo, jaza maji, koroga, subiri kidogo mchanga utulie chini, mwaga yale maji mekundu, rudia hadi maji yatoke karibu meupe. Kilichobaki chini ni mchanga. Kwa udongo wa nyuma ya nyumba, ndoo nzima ilituachia kama vikombe vitatu vya mchanga, kazi isiyolipa. Tukashuka Ipogolo kwenye Ruaha Mdogo, tukapata mchanga ambao mto umeshaufua wenyewe.

Mchanga wa mto nao uuchekeche mara mbili. Chekeche la kwanza ni la wavu wa dirisha, kinachopita ni cha ardhi ya kawaida. Kinachobaki juu ni changarawe ndogo, ambazo kwa kipimo cha moja kwa sitini ni mawe ya kukaa. Kisha ukaange kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, ukikoroga, mpaka uache kutoa mvuke. Mchanga mbichi unachelewesha gundi, na una wadudu na mbegu. Kibao kimoja cha majaribio kiliota nyasi za kweli, mbili, za kijani kibichi. Tulizipenda lakini zilikufa.

Vile vibao viwili vilivyopasuka hatukuvitupa. Tulivifunika kwa gundi nyembamba ili nyufa zisibomoke, na vimekuwa lambo lililokauka, kitu unachokiona kila mahali huku kufikia Agosti. Ni sehemu inayosifiwa zaidi na wageni, na hakuna aliyeichonga.

Njia yenyewe hatukuitia mchanga. Tulitandaza poda ya jipsamu iliyochanganywa na gundi, milimita moja tu, tukaigandamiza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tukapitisha nywele za mswaki wa zamani kwa urefu ili kuleta alama za nyayo na maji ya mvua.

28 Juni: Mawe ya Iringa ni ya mviringo

Ukifuatilia wanaotengeneza mandhari Ulaya na Marekani, utaona mawe yao yanatoka kwenye magome ya miti: bandika gome wima, paka kijivu, umepata jabali. Sisi tuna magome ya msonobari bure, maroli kwa maroli yanashuka kutoka Sao Hill. Tulijaribu, na kwa kweli yanafanana sana na mwamba. Ila si mwamba wa Iringa. Gome lina tabaka na ncha kali, na granite ya hapa haiko hivyo. Jua na baridi vimeimenya tabaka kwa tabaka toka nje kama kitunguu, imebaki mawe makubwa ya mviringo, moja limekaa juu ya jingine, mgongo laini. Panda Gangilonga uangalie, hakuna ncha.

Kwa hiyo mawe yetu ni ya foma, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya boksi la televisheni. Maduka ya vifaa vya umeme pale Miyomboni wanaitupa, omba tu. Inakatwa kwa kisu cha karatasi, kinoe kila mara kwa sababu kisu butu kinachana punje badala ya kuzikata. Viringisha kwa msasa. Utabaki na mpira wa punje punje usiofanana na jiwe, ndipo unahitaji ngozi.

Ngozi ni trei za mayai. Trei kumi kwa shilingi 1,000 kutoka kwa muuza chipsi. Zichane, loweka usiku mmoja, ponda kwenye kinu, kamua maji yote unayoweza. Kwa kila vikombe vitatu vya uji ule mzito tia kikombe kimoja cha gundi na kimoja cha poda ya jipsamu. Poda ilitugharimu 5,000 kwa kilo tano. Changanya kidogo kidogo, maana jipsamu inaanza kushika ndani ya dakika chache na kilichoshika hakirudi. Wala usioshee vyombo kwenye sinki. Mwaga shimoni.

Mambo mawili yalikwama hapa.

Foma na thina haviishi nyumba moja. Jiwe la kwanza tulilipaka rangi ya mafuta iliyobaki, tukidhani inaziba vizuri kama ilivyoziba ubao. Thina iliyomo ndani ikaila foma mbele ya macho yetu, jiwe la sentimita 10 likawa shimo lenye kuta. Rangi za kupuliza za kopo ni zile zile. Foma ipakwe rangi ya maji na gundi nyeupe tu, na hata ikishavaa ngozi ya trei usiiamini, kwani tundu moja dogo linatosha.

La pili ni ukungu. Mawe tuliyoyapa ngozi nene ya sentimita nzima yalikauka nje, ndani yakabaki mabichi, na baada ya wiki yakatoa madoa meusi na harufu ya gunia. Uji uliobaki kwenye ndoo yenye mfuniko ulichacha. Sasa tunapaka tabaka la milimita 3 au 4, linakauka juani, ndipo tabaka la pili, na kwenye maji ya kulowekea tunatia kifuniko kimoja cha jiki. Hakujatokea doa tena.

Mawe halisi ya mtoni tuliyafikiria pia. Yanafaa kwa macho, ila kigae chenye jiwe la kweli kikidondoka juu ya kingine, kimeua viwili.

6 Julai: Baridi na gundi

Fupi lakini muhimu kwa watu wa Mafinga, Njombe na Makete, ambao baridi yao ni kali kuliko yetu. Vigae tulivyovimwagia gundi na mchanga saa moja jioni tukaviacha barazani, asubuhi gundi ilikuwa nyeupe kama chaki na mchanga ukatoka kwa kufutwa na kiganja. Vigae vingine, kwa gundi ile ile, tulivyovimaliza saa nne asubuhi vilikauka angavu na vigumu.

Gundi nyeupe ni vitone vidogo vya plastiki ndani ya maji. Maji yakiondoka, vitone vinatakiwa vilainike na kuungana kuwa utando mmoja, na kwenye baridi kali haviungani, vinabaki unga. Ukishaona chaki, kupasha moto baadaye hakusaidii. Kwangua uanze upya. Kuanzia Juni hadi mwanzo wa Agosti tunapaka kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, basi. Vigae sita vilirudiwa, na hapo ndipo kilo ya tatu ya gundi ilipoanza. Kilo moja 7,000, jumla ya gundi 21,000.

19 Julai: Rangi ya Agosti

Lita moja ya rangi ya maji nyeupe, 8,000. Vichupa vinne vya rangi ya kuchanganyia, cheusi, kahawia, njano na chekundu, 2,500 kila kimoja. Brashi 6,000. Rangi nyingine zote zinatoka humo.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kijani. Picha zote za viwanja vya mezani zimejaa kijani, na mkono unakwenda huko wenyewe. Lakini vita ilikuwa Agosti. Mvua huku zinakoma Mei, kufikia Agosti nyasi ni rangi ya mkate, na hapa na pale moto wa porini umeacha weusi. Kijani kinabaki kwenye vichaka vichache na kando ya maji. Tulikubaliana: kijani kisizidi kiganja kimoja kwa kila kigae.

Ardhi inakwenda hivi. Mkono wa kwanza ni kahawia nyeusi, iliyochanganywa na gundi kidogo ili ishikilie mchanga, ijaze kila tundu. Ikikauka, brashi kavu: chovya ncha, futa kwenye kitambaa mpaka udhani rangi imeisha, kisha pitisha juu juu haraka. Rangi inashika vichwa vya mchanga tu. Kwanza wekundu wa udongo, kisha wekundu uliotiwa njano, mwisho karibu na rangi ya mchanga mkavu, kidogo sana. Hatua hii inachukua dakika kumi kwa kigae na inafanya kazi kubwa kuliko zote.

Mawe ni kinyume chake. Yaanze na kijivu cha kati chenye tone la wekundu, maana granite yetu si kijivu tupu. Kisha maji ya rangi: rangi nyeusi kijiko kimoja, maji vijiko kumi, na tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Bila sabuni maji yanajikusanya vitone vitone juu ya jiwe na kukauka madoa ya duara. Ukiitia, yanateleza hadi kwenye mikunjo. Tiririsha toka kileleni kwa mistari michache ya wima, kwa sababu ndivyo mvua ilivyoyachora mawe ya Iringa, mistari myeusi inayoshuka. Malizia kwa madoa madogo ya kijivu-kijani upande mmoja tu wa jiwe.

Onyo moja: tulipaka vigae vinne usiku chini ya taa nyeupe ya nyumbani. Mchana vilikuwa vya waridi. Paka rangi nje, kivulini.

2 Agosti: Vichaka, nyasi na makapi ya chai

Soko Kuu, kwa mama muuza vikapu: madodoki manne, 1,000 kila moja. "Mama, naomba yale makavu kabisa." "Mwanangu, dodoki bichi la nini tena?" Dodoki likikatwa vipande na kuchambuliwa ni kichaka kamili cha miiba, matawi yakiwa tayari yamesukana. Lichovye kwenye rangi ya kahawia iliyolegezwa, kamua, likauke, kisha brashi kavu ya kijani-kijivu juu tu. Sponji ya godoro iliyosagwa, 2,000, tulibandika kwenye machache kuwa majani. Mengi tumeyaacha matupu, Agosti ni Agosti.

Nyasi ni kamba ya katani, 3,000. Haihitaji rangi, imezaliwa na rangi ya kiangazi. Fumua, kata sentimita 2, shika kifungu, chovya kitako kwenye gundi nzito, simamisha kwenye tundu ulilotoboa kwa msumari. Ikishakauka punguza kwa mkasi bila kulinganisha. Nyasi zilizolingana zinafanana na kichwa kilichotoka kinyozi.

Chini ya vichaka ni makapi ya chai. Punje za chai ya Mufindi zikishanywewa na kuanikwa juu ya bati zina ukubwa na rangi ya majani makavu yaliyoanguka. Zianike siku mbili za jua kali, zisibaki na unyevu hata kidogo, la sivyo ukungu ule ule wa mawe unarudi. Jikoni wanakuwekea bure, ukiwaomba kabla hawajamwaga.

Hapo tulipanga vigae vyote 24 kwa mara ya kwanza, na tukaona tusichokitegemea: gridi. Kila kigae kilikuwa kizuri peke yake. Vyote pamoja vilikuwa visiwa 24. Tulikuwa tumeweka sheria kwamba ndani ya sentimita 2 toka ukingoni kusiwe na kitu kirefu ili vigae vigusane vizuri, na sheria hiyo ikachora mistari mitupu meza nzima. Hakuna rangi inayoficha mistari hiyo.

Suluhisho lilikuwa kung'oa. Karibu theluthi ya mawe na vichaka tulivitoa kwenye vigae, tukavibandika juu ya sidii mbovu, zile za sentimita 12, tukazikata kingo ziwe za ovyo na kuzipaka kama ardhi. Sasa vinakaa popote, na tunaviweka juu ya maungio. Jiwe moja likikalia makutano ya vigae vinne, jicho linaacha kutafuta mstari. Mchezo nao umefaidika, kwa sababu uwanja haufanani mara mbili. Ningeanza upya leo, vigae ningevipa ardhi, njia na miinuko tu, na kila kinachosimama kingekuwa cha kuhamishika.

10 Agosti: Vanishi na upepo

Vanishi tuliyoipata mjini ni ya samani, inang'aa. Kibao cha majaribio kilionekana kimenyeshewa. Tuliongeza poda ya mtoto, kijiko kimoja cha chai kwa kila vijiko vitano vya chakula vya vanishi, tukakoroga kila baada ya dakika chache kwa sababu poda inazama. Mng'ao ukafa. Ukizidisha poda mawe yanapata ukungu mweupe, kwa hiyo jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Vanishi 10,000, poda 3,000. Inapakwa kwenye mchanga na njia tu. Mawe ya foma yanapata gundi iliyoongezwa maji badala yake, kwa sababu ya thina.

Upepo wa Iringa wa mwezi huu unajulikana. Vigae viwili vilivyokuwa vinakauka uani vilivaa vumbi, majani ya mparachichi na unyoya wa kuku. Vumbi lenyewe halikuonekana vibaya. Unyoya tuliutoa kwa kibanio, na kibandiko cha vanishi kikatoka nao. Vilivyobaki vilikaukia chumbani, madirisha wazi kwa ajili ya harufu.

24 Agosti: Mchezo wa kwanza, na hesabu

Tulitaka tucheze tarehe 17, vanishi haikukubali. Jana jioni ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Msafara ulijivuta vigae vitano vya njia. Bunduki zilizokuwa zikiona meza nzima sasa ziliona kigae kimoja, mara nyingine nusu. Wahehe walitoka nyuma ya mawe katika zamu ya tatu, wa mbele na wa nyuma wa msafara hawakuweza kusaidiana, na kufikia zamu ya sita Zelewski hayupo. Aliyekuwa upande wa Wajerumani anadai kanuni ya kuona inahitaji kupunguzwa makali. Tutaijadili, lakini hakuna tulichobadilisha kwenye kanuni hiyo tangu enzi za kitenge.

Yaliyojitokeza: mtu akiegemea meza, vigae vinateleza na njia inafunguka. Fundi baiskeli alitupa tyubu iliyokufa, tukabandika vipande vinne vya mpira nyuma ya kila kigae. Havisogei tena. Dadu zinatoweka kwenye nyasi za katani, kwa hiyo zinarushwa ndani ya mfuniko wa boksi la viatu. Na rangi imeanza kutoka kwenye pembe za vigae vya njia, ambavyo vinashikwa zaidi. Pembe zote tutazipaka gundi safi mara mbili.

Gharama yote, kuanzia hadibodi hadi poda ya mtoto: shilingi 114,000, sawa na 4,750 kwa kila kigae cha uwanja. Sehemu ya hizo ilikwenda kwenye gundi iliyogeuka chaki na vanishi iliyobaki kwenye kopo. Anayeanza akisoma ya tarehe 31 Mei na 6 Julai kabla ya kwenda dukani, atatumia chini ya hapo.

Vigae vya akiba bado vipo, na kazi inayofuata ni ukuta wa ngome ya Mkwawa pale Kalenga, ile iliyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Kigezo cha bati hakibadiliki: ukuta utakatisha ukingo kati ya sentimita 12 na 18, pale pale njia inapopita, ili vigae vya Lugalo viishie langoni kwake. Uji wa trei za mayai umeshalowekwa, wenye jiki.